Mtu Aliyesubiri Feni Iwake

Ukimpelekea gari Fundi wa Feni pale Bilele, mjini Bukoba, kazi iliisha mapema lakini wewe ulichelewa kuondoka. Feni yenyewe haikumchukua muda. Aliangalia fyuzi, akachomoa rilei na kuitikisa sikioni, akafuata waya kwa vidole mpaka mahali panya alipoutafuna, akaunga, akamaliza. Kisha aliwasha injini, akaacha boneti wazi, akakuonyesha benchi lililokuwa ukutani.

"Kaa. Tunasubiri."

Mlisubiri injini ipate moto mpaka feni iwake yenyewe. Ikiwaka, uliinuka kutafuta funguo mfukoni, naye alikutazama kama anamtazama mtu anayetoka kanisani kabla ya baraka. "Ngoja izimike kwanza." Ikizimika, ulishukuru na kuinuka tena. "Ngoja iwake tena." Siku ya jua hilo lilikuwa jambo la kuvumilika. Siku ya mvua, na Bukoba mvua haiombwi, injini ilipoa haraka kuliko ilivyopata moto, na wewe ungeweza kuotea mvi pale benchini.

Wengi walimnunia. Wengine walihamia kwa mafundi wa upande wa pili wa barabara, ambao walikukabidhi gari lako huku wakipangusa mikono. Mimi niliendelea kurudi kwake kila nilipopita Bukoba, na mimi ni mtu wa kupita. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali mpaka majirani wakanizoea. Nauza mabeseni na ndoo kwenye magulio, leo Muleba, kesho Biharamulo, keshokutwa ng'ambo ya ziwa, na gari langu ni kuukuu, linapenda kuchemka. Nimefahamiana na watu wengi njiani na wengi nimewasahau. Huyu nimeshindwa kumsahau, wala si kwa sababu ya wema wake. Ni kwa sababu alikuwa anatafuta gari moja, na kwa miaka mingi alinifanya na mimi nilitafute.

Ukimwona hukudhani ni fundi. Suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi hata alipolala chini ya gari. Asubuhi alivua viatu vilivyong'aa, akaviweka juu ya gazeti mahali pasipofika mafuta, akavaa ndala. Jioni aliosha mikono kwa sabuni ya unga na mchanga mpaka vidole vikapauka kama vya mfua nguo.

"Sasa fundi, unajikwangua hivyo unakwenda kuposa?" nilimuuliza siku moja.

"Nakwenda misa ya jioni. Mikono ikinuka oili, na komunyo inashuka na ladha ya oili."

Kwaya aliimba besi. Aliimba hata kazini, lakini besi tu, mistari ile ile ya chini isiyo na sauti nyingine juu yake, kwa hiyo wimbo wake ulikuwa kama msingi wa nyumba ambayo haikujengwa. Watu wa pale walikuwa wameshazoea. Mimi nilikuwa nakaa benchini nikijaribu kukisia ni wimbo gani, na mara nyingi nilishindwa.

Alikuwa na maneno makali na alijua kuyatumia. Jumamosi moja gari la harusi lililetwa kwake likitoa moshi, limefungwa maua na riboni, bibi harusi yumo kiti cha nyuma anajipepea kwa kadi ya mwaliko. Fundi akabadilisha rilei, akawasha injini, akaelekeza benchi. Msimamizi wa bwana harusi, kijana aliyevaa suti iliyombana, nusura alie.

"Fundi, padri anasubiri!"

"Padri ana kiti. Na wewe kaa."

"Feni si imewaka? Nimeisikia mimi kwa masikio yangu!"

"Umeisikia mara moja. Huyu dada yetu unayempeleka kanisani, bwana harusi amwambie nakupenda mara moja halafu anyamaze mpaka kufa?"

Bibi harusi akacheka kutoka ndani mpaka shela likamteleza. "Mwacheni fundi wa watu," akasema. "Bwana mwenyewe nimemsubiri tangu sekondari. Feni haitanishinda."

Feni ilipowaka mara ya pili wasindikizaji wakapiga vigelegele. Nadhani ni feni pekee Kagera nzima iliyowahi kupigiwa vigelegele, na fundi aliinamisha kichwa kidogo, kama anapokea sifa kwa niaba yake.

Kitu alichokikataa kabisa ni kupiga direct. Wenye magari makuukuu wanaijua: feni ikisumbua, fundi anaachana na fyuzi na rilei na swichi ya joto, anavuta waya mmoja kutoka kwenye betri mpaka kwenye feni, anakuwekea kiswichi kidogo karibu na usukani. Unaiwasha mwenyewe ukikumbuka. Kuna mama mmoja mchuuzi wa samaki, anayepokea sangara na dagaa kutoka visiwani upande wa Muleba na kuwaleta mjini kwa pikapu yake. Yeye na fundi waligombana kila walipokutana, na walikutana mara kwa mara.

"Nipigie direct, niondoke."

"Direct sipigi."

"Mafundi wote wanapiga."

"Basi nenda kwa mafundi wote."

"Wewe baba una roho ngumu kweli. Samaki wangu wanaoza huku wewe unanihubiria."

"Samaki wako walishakufa, mama. Wewe bado."

Watu walicheka, na yule mama alicheka kuliko wote, akampiga fundi begani kwa kanga yake. Mimi nilikuwa karibu, nikauona uso wa fundi. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshageukia injini, anaangalia feni isiyozunguka kama mtu anayeangalia mlango uliofungwa.

Hakujua kuendesha gari. Watu hawakuliamini hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliweza kuwasha injini, basi. Gari likitakiwa kusogezwa, alimwita mwenyewe. Alitembea kwa miguu mji mzima, na akipewa lifti aliketi mbele na kuangalia mshale wa joto badala ya barabara. Nilimpeleka Kemondo mara moja kuangalia lori lililokwama, na njia nzima sikupata mazungumzo mengine.

"Umepanda," alisema.

"Haujapanda, fundi. Uko pale pale."

"Umepanda kiasi cha unywele."

"Unywele wa nani?"

"Wa mtoto mchanga. Lakini umepanda."

Wala hakuwa mtu wa kukubali kosa kirahisi. Alishawahi kumbadilishia mwalimu mmoja swichi ya joto, kisha fyuzi, kisha rilei, akiapa kila mara kwamba ndiyo yenyewe, kumbe waya wa ardhi ulikuwa umelegea tu, na aliyegundua ni mwosha magari. Fundi hakuomba radhi. Alisema waya ule ulikuwa umekaza asubuhi na ulilegea mchana. Kwa mambo madogo alikuwa hivyo, anang'ang'ania hata akionekana mjinga. Ndiyo maana nilichelewa kuelewa kwamba kulikuwa na jambo moja ambalo alikuwa radhi kukubali kosa, tena anatamani, lakini hakuweza.

Dalili zilikuwepo. Mkiwa katikati ya maneno, teksi nyeupe ikipita barabarani, aliinua mkono mnyamaze. Alitoka mpaka kandokando, akaitazama inavyokwenda mpaka ikapotea kwenye kona, akarudi na kuendelea pale alipoachia. Ukiuliza, alisema alidhani ni ya mtu anayemfahamu.

Halafu kulikuwa na suala la senene. Asiye wa kwetu labda hajui maana ya senene kwa Mhaya. Ni panzi wanaokuja na mvua za mwisho wa mwaka, wa kijani na wa kahawia, wanashuka kama mawingu, na watu wazima wenye heshima zao wanakimbia na ndoo kama watoto. Mji mzima unanuka kikaango. Mgeni akija anapewa senene, mchumba anapelekewa senene, aliye Dar es Salaam anatumiwa senene kwenye basi. Fundi hakuwala. Zaidi ya kutowala, walipoanza kuanguka alifunga kazi yake msimu mzima, akakaa ndani.

Jirani yake, mama mmoja anayeuza chai na vitafunwa kwenye kibanda kilichopakana naye, ndiye aliyemsumbua zaidi, akimbembeleza kwa Kihaya.

"Waitu, fundi, onja hata mguu mmoja."

"Nimefunga."

"Umefunga? Kwaresima gani hii ya Novemba?"

"Yangu."

Watu walisema amehamia dhehebu linalokataza wadudu. Wengine walisema tumbo. Mama wa chai alisema, kwa sauti ya chini, "Zamani alikuwa anawala kuliko sisi sote. Alikuwa anawala hapa hapa nilipo," kisha akageukia jiko na kuongeza mkaa.

Aliniambia mwenyewe, mchana mmoja wa mvua. Tulikuwa benchini, gari langu linanguruma mbele yetu, bati linapigwa na matone mpaka ilibidi tukaribiane ili tusikizane. Feni ilikuwa imewaka mara moja na kuzimika, na kwa baridi ile haikuonekana kuwa na haraka ya kurudi. Nikamtania kwamba itawaka Pasaka. Alianza tu, kana kwamba tulikuwa kwenye habari hiyo tangu asubuhi.

"Ulikuwa msimu wao. Kijana mmoja dereva wa teksi wa Izigo alikuja kwangu, gari jeupe. Ananiambia, fundi, nikipanda mlima mshale unapanda na mimi. Nafungua boneti, rejeta imejaa senene. Imejaa, waitu, huoni tundu hata moja. Alikuwa ametoka alfajiri, kundi linashuka barabarani, wote wameingia mbele. Tulicheka. Mama wa chai akaja na bakuli, tukawachomoa, wengine bado wanarusha miguu. Nikapuliza rejeta kwa upepo wa mashine, nikaiosha ikawa safi kama sahani. Kila mtu aliyekuwa hapa alisema ugonjwa ni senene. Na mimi nikasema ugonjwa ni senene. Angesema nini mtu mwingine? Gari linachemka, rejeta imeziba, umeizibua. Mama akawakaanga, tukala na yule kijana, tumesimama hapo hapo, injini imezimwa. Akaondoka ameshiba. Feni sikuiona ikizunguka. Sikuiangalia kabisa."

Siku chache baadaye, alisema, mama wa yule kijana alibanwa na kifua kule Izigo. Wakampakia kwenye teksi kumleta hospitali mjini. Kwenye mlima, gari likachemka. Kijana akafungua boneti, mvuke mtupu. Akakimbia kuomba maji kwenye nyumba za watu. Aliporudi na ndoo, mama alikuwa ameshakata roho. Walikuwa wamemlaza kando ya barabara, chini ya mibuni ya mtu.

"Na feni?" nikauliza.

"Nilimuuliza. Nilimuuliza msibani, unaelewa? Mtu amefiwa na mama yake, mimi namvuta pembeni namuuliza, feni ilikuwa inazunguka? Hakumbuki. Angekumbuka vipi? Akanishika mkono, akasema mbele ya watu wote: fundi, wewe ulitoa senene wote, ulifanya kazi yako, hii ni ya Mungu. Watu wakaitikia kabisa."

Alisikiliza injini yangu kidogo.

"Gari lilikuwa pale. Kaburi linachimbwa kwenye kibanja, katikati ya migomba, na gari limeegeshwa uani, wanaume wameliegemea wakisubiri zamu ya kushika jembe. Taa yangu ya kupimia ilikuwa mfukoni. Kufungua boneti ni kuvuta kamba tu. Sasa niambie, wewe ungefungua? Wanawake wanalia, jeneza liko sebuleni, fundi yuko uani anapima feni?"

"Nisingefungua."

"Na mimi sikufungua. Nikajiambia nitarudi matanga yakiisha. Niliporudi limeuzwa. Kijana hakuweza tena kukaa ndani yake. Dalali wa Muleba alilichukua, akaliuza huko anakojua, na kijana akaenda visiwani kuvua. Hajatokea tena."

Hapo feni ya gari langu ikawaka. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuigeukia.

"Sikia," alisema. "Nikijua nilikosea, nitakwenda kuungama, padri atanipa malipizi, nitaishi. Nikijua sikukosea, nitalala. Nimeshakwenda kitubioni, nikapiga magoti, padri akaniuliza, dhambi gani? Nikakosa cha kutaja. Ile feni ilikufa mkononi mwangu, au ilikufa njiani? Mota haiwezi kunidanganya. Nikiishika tu nitajua."

Ndipo akanipa kazi. Mimi ni mtu wa kutembea, alisema, naingia vijiji ambavyo yeye hatavifikia. Namba za gari hubadilishwa, rangi hupakwa upya, lakini lile alikuwa amelitengenezea kishikio cha betri kwa chuma cha kitanda, chuma cha bluu chenye matundu mawili ya skrubu, akakichomelea mwenyewe. Hakuna mtu angehangaika kukitoa. Nilikubali kama unavyomkubalia mtu anayekuomba umsalimie ndugu zake mji wa mbali. Lakini nikajikuta natazama. Kila gulio, kila gari jeupe lililofunguliwa boneti, shingo yangu iligeuka. Nilikuwa naamka kwenye nyumba za wageni na neno la kwanza kichwani ni kishikio. Nadhani yeye alikuwa amenigawia sehemu ya kile kilichomkaa, na kilichobaki kwake hakikupungua.

Ilipita miaka. Alizeeka ghafla, kama wanavyozeeka watu wembamba. Magari mapya yakaingia mjini ambayo feni zake hakuzizoea, na wateja wakapungua mpaka benchi likabaki na mimi, mama wa samaki, na watu wachache waliomwonea huruma. Aliendelea kusubiri feni iwake mara mbili. Besi yake ilishuka chini zaidi, ukawa huwezi kujua kama anaimba au anaguna.

Mwaka huu, mvua za masika zilipoelekea kukatika, nilishuka Ngenge. Huko migomba inapungua, ardhi inalala tambarare, watu wanalima mpunga. Gulio lilikuwa limepoa, nikaingia kwenye boma moja kuomba maji ya rejeta, na pembeni ya nyumba nikaona gari lililokaa juu ya mawe, milango imefungwa kwa kamba, ndani magunia ya mpunga yamepangwa mpaka dirishani. Weupe wake ulikuwa umekwisha, limebaki na rangi ya mfupa. Nikaomba ruhusa, nikainua boneti. Betri haikuwepo. Chuma cha bluu kilikuwepo, na matundu yake mawili.

Sikuangalia kitu kingine. Niliogopa kujua kabla yake. Nikafunga boneti polepole kana kwamba kuna mtu amelala, nikaondoka hata maji sijayachukua.

Nilipomwambia, hakuruka wala hakushangilia. Alivaa viatu vyake vinavyong'aa, akachukua bisibisi na taa ya kupimia, akamwomba mama wa chai amwangalizie vifaa. Mama akamtazama, akanitazama mimi.

"Mmelipata?"

"Tumelipata," nikasema.

"Mawe!" akamwita mama yake kwa Kihaya, akajishika mdomo. "Fundi, usiende. Umri huu unatafuta nini na vyuma vya watu?"

"Nakwenda na kurudi," fundi akajibu, na hiyo ndiyo sauti ya upole kuliko zote nilizowahi kumsikia nayo.

Njiani hakutazama mshale. Alitazama barabara. Tulipopita Izigo alivua kofia, akaivaa tena tulipomaliza nyumba za mwisho.

Kwenye lile boma tulimkuta mama mwenye nyumba peke yake. Mumewe alikuwa amekwenda Muleba. Yeye alikuwa ametandaza mpunga uliokwisha kupurwa juu ya turubai, anapepeta. Alitupa viti, tukaamkiana vizuri, akauliza habari za mjini. Fundi alijibu yote kwa utaratibu, magoti yamekaa pamoja, mpaka nikadhani amesahau kilichotuleta. Kisha akaomba kuona gari.

"Lile kopo? Lione tu, mzee wangu. Halina tena hata injini ya maana."

Alifungua boneti mwenyewe. Aliweka kiganja juu ya chuma cha bluu, akakiacha hapo kidogo kama unavyomshika mtu mgonjwa kumpima joto. Kisha akainama nyuma ya rejeta, na nikaona mgongo wake ukisimama. Pale pa feni palikuwa na matundu ya bolti na utando wa buibui.

"Feni iko wapi?" aliuliza, bila kugeuka.

"Ya gari? Si ile pale."

Tulikuwa tumeipita tukiingia. Ilikuwa imefungwa kwa misumari na waya kwenye fremu ya mbao, imesimama mwisho wa turubai, nyaya zake zimekwenda kwenye betri ya gari inayochajiwa na sola ya juu ya bati. Ndiyo aliyokuwa anapepetea mpunga. Mume wake ameitengeneza, alisema kwa fahari, na majirani wanakuja kuazima. Akagusanisha waya na betri ili atuonyeshe. Feni haikutikisika. Hakushangaa. Alichukua mwiko wa ugali uliokuwa juu ya ndoo, akaigonga mota ubavuni kwa mpini, mara moja, kama unavyomgonga mtoto anayesinzia. Feni ikawaka.

Fundi alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake. Akasogea.

"Mama, imekuwa hivi tangu lini?"

"Ina tabia yake tu, haisumbui. Siku nyingine inawaka yenyewe, hata wiki nzima. Siku nyingine inanuna mpaka uipige."

"Hata ilipokuwa garini?"

"Hata garini, tangu tunalinunua. Dalali alituambia kabisa, ikigoma msihangaike, shukeni muipige. Mume wangu alikuwa na kirungu chake cha kuipigia."

Akachuchumaa, suruali yake ya pasi ikagusa vumbi la mpunga. "Izime," alisema. Mama akatoa waya. "Washa." Ikawaka. "Izime. Washa." Ikawaka. "Izime. Washa." Ikakataa. Mama akainua mwiko, naye akamzuia kwa mkono. "Iache. Washa tena." Ikawaka yenyewe, bila kuguswa na mtu.

"Kaboni," aliniambia, macho yake yako kwenye feni. "Zile kaboni ndogo ndani ya mota zimelika. Zikikaa vizuri zinagusa, inazunguka. Zikikaa vibaya hazigusi. Inaweza kwenda hivyo miaka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ningesubiri siku ile, pengine isingewaka, ningejua, yule mama angefika hospitali. Au ingewaka. Ingewaka, ikazimika, ikawaka tena mbele ya macho yangu, nikampa kijana mkono nikamwambia nenda salama. Na mlimani ikanuna."

Nilisema kile ambacho mtu yeyote angesema. "Basi fundi, si kosa lako."

"Usiniambie hivyo." Aligeuka, na sikuwahi kumwona mtu ana uso ule. "Hivyo nilishaambiwa."

Alibaki amechuchumaa. Alinyoosha mikono yake iliyopauka kwa sabuni, akaishika mota kwa viganja vyote viwili, akaihisi inavyotetemeka. Akaiachia.

"Gari nimelipata," alisema. "Mota nimeishika. Sasa nitafute nini?"

Nilitoa funguo za gari mfukoni. Upande wa magharibi wingu lilikuwa limeshaanza kukaa juu ya mashamba, na mama mwenye nyumba alikuwa amesimama na ungo wake, anatuangalia kwa zamu, amegundua kuna jambo na hajui ni lipi.

"Wazee wangu, mtanisamehe," alisema. "Mkimaliza mnipishe kidogo, nimalize kabla mvua haijanikuta."

Mimi nilisogea nyuma ya feni. Yeye alisimama, akasogea hatua moja, lakini alisogea upande wa mbele, kule upepo wa feni unakoelekea. Mama akaanza kumwaga mpunga, punje zikaanguka turubaini na makapi yakamrukia fundi kifuani, mabegani, kwenye nywele zake za mvi.

"Mzee, hama hapo! Yatakuingia machoni!"

Hakuhama, amesimama kama mtu anayepokea malipizi. Mama aliniangalia mimi, kisha akaliangalia wingu, akaendelea kumwaga, maana mvua ilikuwa haimngoji. Nilikuwa nimeshika funguo za gari mkononi, nikitafuta namna ya kumwita ambayo haingekuwa kumkosea adabu.